Gharama ya Skonzi Iko Kwenye Siagi

Unga wa ngano ukipanda bei, mtaa mzima unajua. Waokaji wa nyumbani hulalamika, na mteja anayeuliza kwa nini skonzi zimepanda huambiwa jibu lile lile: unga. Lakini ukae na kalamu upige hesabu ya skonzi laini za hamira, zile zinazoliwa zikiwa bado za moto na siagi iliyochanganywa na asali na iliki, utakuta unga hauna kosa kubwa hivyo. Katika kila shilingi 100 unazotumia kununua mahitaji, unga unachukua 14 tu. Siagi peke yake inachukua karibu 60.

Tuanze na vipimo, maana bila mizani hesabu hii haiendi. Waokaji wa kazi huhesabu kila kitu kwa kukilinganisha na unga: unga ni 100, na vingine vyote ni asilimia yake. Kwa kilo moja ya unga, weka maziwa nusu lita, mayai mawili, sukari gramu 100, siagi gramu 100, chumvi gramu 18 na hamira kavu gramu 10. Vikishakandwa vinatoa donge la gramu 1,840 hivi. Ukilikata vipande vya gramu 50 unapata skonzi 36, na gramu 40 zinazobaki huishia mikononi na kwenye bakuli. Ndani ya oveni kila kipande kinapoteza gramu tano au sita za maji, hivyo skonzi inayofika mezani ina gramu 44 au 45.

Siagi tamu ya skonzi hizo 36 ni siagi isiyo na chumvi gramu 250, asali gramu 80, punje za iliki zilizotwangwa gramu 4, na chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Jumla ni kama gramu 334, yaani gramu 9 kwa kila skonzi: kidogo ya kupaka juu mara trei inapotoka, na iliyobaki ya kupaka ndani mlaji anapoipasua.

Bei nilizotumia ni za rejareja, za kukadiria, zinazokaribiana na za maduka ya Dar es Salaam. Kama kwako ni tofauti, weka zako. Unga nimeuchukulia shilingi 2,000 kwa kilo, maziwa 2,400 kwa lita, yai 400, sukari 3,000 kwa kilo, siagi halisi ya maziwa 24,000 kwa kilo, asali 12,000 kwa kilo, na hamira ya pakiti ya nusu kilo shilingi 9,000. Iliki nimeipa shilingi 60 kwa gramu.

Donge lote linagharimu 6,900: unga 2,000, maziwa 1,200, mayai 800, sukari 300, siagi 2,400, hamira 180, na chumvi 20. Gawa kwa 36, unapata shilingi 192 kwa skonzi. Sasa ile siagi tamu: siagi 6,000, asali 960, iliki 240, jumla 7,200. Gawa kwa 36, unapata shilingi 200 kamili. Gramu 9 za kupaka zimeishinda kwa gharama skonzi yenyewe yenye gramu 50 za donge. Na ukikumbuka kwamba ndani ya donge mna gramu nyingine 100 za siagi, basi katika mahitaji ya shilingi 14,100, siagi imekula 8,400.

Kwa nini siagi iwe ghali kiasi hiki? Sababu iko kwenye maziwa. Siagi nzuri ina mafuta asilimia 80 hadi 82. Maziwa yenye mafuta asilimia 4 yanakupa gramu 40 za mafuta kwa kila kilo, kwa hiyo kilo moja ya siagi inadai karibu lita 20 za maziwa. Maziwa ya ng'ombe wetu wa asili huwa na mafuta mengi zaidi kuliko ya ng'ombe wa kisasa, lakini ng'ombe huyo hutoa lita chache kwa siku. Gramu 350 za siagi zilizoingia kwenye skonzi zetu ni lita saba za maziwa. Trei tatu za skonzi zinazoonekana ni kitu cha unga zimebeba lita saba na nusu za maziwa, ukijumlisha na yale ya kukandia. Maziwa yaliyoondolewa mafuta huuzwa kivyake, kama mtindi au maziwa ya unga, ndiyo maana bei ya siagi haiwi juu zaidi ya hapo. Hata hivyo, anayeshangaa bei ya kipande cha siagi dukani na akumbuke zile lita 20.

Ngano nayo ina habari yake, na inafaa kuisema kwa haki. Tanzania huagiza nje sehemu kubwa ya ngano yake, na Kenya vilevile, kwa hiyo kinachotokea Bahari Nyeusi kinafika Kariakoo. Machi 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, bei kwenye soko la Chicago ilipita dola 12 kwa busheli. Busheli ya ngano ni kilo 27.2. Kinu kinachotoa unga mweupe asilimia 75 kinahitaji kilo 1.33 za ngano ili kipate kilo moja ya unga. Kwa bei ya dola 12, ngano iliyomo ndani ya kilo ya unga ilikuwa ya senti 59 za Marekani. Bei ikirudi dola 6, ni senti 29. Tofauti ni senti 30, na ukizigawa kwa skonzi 36 hazifiki senti moja kwa skonzi. Kwa muuza mkate wa kawaida, ambao ni unga, maji, hamira na chumvi, kupanda huko kunauma kwelikweli, kwa kuwa hana kitu kingine kikubwa kwenye hesabu yake. Kwa skonzi za siagi, unga ukipanda kwa asilimia 30 unaongeza shilingi 17. Siagi ikipanda kwa asilimia hiyo hiyo inaongeza 70.

Hapo ndipo kishawishi kinapoingia. Majarini inauzwa kama shilingi 9,000 kwa kilo, chini sana ya nusu ya bei ya siagi. Ukiiweka mahali pa siagi yote, unaokoa shilingi 146 kwa skonzi, na wengi hufanya hivyo. Mimi nasema tuigawe hiyo akiba vipande viwili. Ndani ya donge, mafuta yana kazi ya kulainisha: yanazipaka nyuzi za ngano zisishikane kwa ukali, skonzi inakuwa laini na haikauki upesi. Kazi hiyo majarini inaiweza, na mafuta ya alizeti yanaiweza pia, kwa sababu ladha yake inafunikwa na sukari, mayai na harufu ya hamira. Badilisha hapo, uokoe shilingi 42 kwa skonzi. Ile ya kupaka usiiguse. Inakutana na ulimi moja kwa moja, inayeyuka kwa joto la mdomo, na harufu ya asali na iliki inabebwa na mafuta yake. Majarini nyingi hutengenezwa zisiyeyuke upesi kwenye joto letu, zikabaki kama utando kwenye kaakaa. Mteja hajui umetumia nini, ila anajua kwamba hataki ya pili. Shilingi 104 ulizookoa hapo umezitoa kwenye kitu chenyewe alichokuja kununua.

Siagi tamu kwa skonzi imepata umaarufu mkubwa Marekani. Texas Roadhouse, mgahawa wa nyama ulioanza mwaka 1993 mjini Clarksville, jimbo la Indiana, umejijengea jina kwa skonzi za moto zinazoletwa mezani na siagi ya asali na mdalasini, bila malipo. Pale nyama ndiyo inayolipa. Kikapu cha skonzi ni makaribisho. Mwokaji wa Mbagala au Kawe hana kipande cha nyama cha kumlipia siagi. Skonzi ndiyo biashara yenyewe, kwa hiyo kila gramu inabidi ijulikane.

Tuje kwenye moto. Oveni ndogo ya umeme ya nyumbani ina wati 2,000 hivi. Kuipasha dakika 15 kunakula nusu uniti. Kila trei ya skonzi 12 inakaa dakika 18 hadi 20 kwenye nyuzi 180, huku kidhibiti joto kikiwasha na kuzima, na inakula kama uniti 0.4. Ukioka trei moja tu umetumia uniti 0.9. Ukioka tatu mfululizo umetumia 1.7. Kwa mteja wa umeme wa kundi la T1, lile la matumizi ya kawaida, ambaye hulipa shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, yaani kama 356 kwenye LUKU, trei moja inaweka shilingi 27 juu ya kila skonzi, na trei tatu zinaweka 17. Mteja wa D1, kundi la matumizi madogo, aangalie zaidi. Bei yake nafuu ya shilingi 100 inaishia kwenye uniti 75 za mwezi. Zinazozidi ni 350 kila moja. Kuoka mara moja kwa wiki kunaongeza uniti saba kwa mwezi, na kama tayari uko ukingoni, saba hizo ndizo zinazokuvusha.

Kinachonisikitisha kwenye umeme huo ni kiasi kidogo kinachoingia kwenye skonzi. Kupasha kilo 1.8 za donge kutoka nyuzi 30 hadi 97, ambapo skonzi imeiva, pamoja na kuyageuza maji gramu 200 kuwa mvuke, kunahitaji uniti 0.22 tu. Katika 1.7 ulizolipia, sehemu saba kati ya nane zimepasha mabati, trei na jiko lako. Hakuna ujanja wa kuondoa hasara hiyo yote, ila ipo njia ya kuigawa: jaza oveni. Wanaotumia jiko la mkaa, sufuria chini na makaa ya kupalia juu ya kifuniko, wanaijua kanuni hii bila kuambiwa. Hawawashi moto kwa skonzi sita. Wa gesi nao hawako mbali na wa umeme. Kilo moja ya gesi ina nishati ya karibu uniti 12.8, na kwa shilingi 3,800 kwa kilo inakuja kama 300 kwa uniti, kisha oveni ya gesi inatoa sehemu ya joto nje na hewa yake.

Joto la bure tunalo, na mapishi mengi yanatufanya tulitumie vibaya. Vitabu vilivyoandikiwa nchi za baridi vinasema pasha maziwa yawe vuguvugu, nyuzi 40. Jikoni kwa nyuzi 17 ni sawa. Dar es Salaam mwezi Januari, unga kwenye kabati uko nyuzi 30 na chumba kiko nyuzi 30. Waokaji wana hesabu fupi: chukua joto la donge unalolitaka, zidisha mara tatu, toa joto la unga, la chumba, na joto linalozalishwa na kukanda. Ukitaka donge la nyuzi 26, ni 78. Toa 30, toa 30, toa 12 za mashine, unabaki na nyuzi 6. Hayo ni maziwa yanayotoka kwenye friji, hayakupita hata karibu na jiko. Ukikanda kwa mikono joto la kukanda ni dogo, maziwa yanaweza kuwa nyuzi 14. Ukimimina ya nyuzi 40, donge linakuwa moto, linaumuka kwa nusu saa, na trei ya tatu inapongoja zamu yake inazidi kuumuka, inanyauka juu na kunuka pombe. Trei moja iliyoharibika ni skonzi 12, shilingi 2,300 za donge, ambazo hakuna bei ya jumla ya unga itakayozirudisha.

Joto hilo hilo linaisumbua siagi. Inapigika vizuri ikiwa nyuzi 18 hadi 20: kidole kinaacha alama, lakini uso wake bado haung'ai. Katika jiko la nyuzi 30, dakika 15 baada ya kutoka kwenye friji zinatosha. Ikizidi, mafuta yanajitenga, asali inatoka pembeni, na unaona matone ya dhahabu chini ya bakuli. Irudishe kwenye friji dakika kumi, upige tena, itashikana.

Kazi ya mikono wengi hawaiandiki, na wanawake wanaooka nyumbani ndio wanaoongoza kwa kuisahau. Kupima, kukanda, kufinyanga matonge 36 kwa sekunde 20 kila moja, kupiga siagi, kuangalia oveni na kuosha vyombo: dakika 70 za kazi halisi ndani ya saa tatu za kusubiri. Nimeipa bei kwa kutumia kima cha chini cha mshahara wa utumishi wa umma, shilingi 500,000 kwa mwezi tangu Julai 2025. Kwa wiki ya saa 45 hiyo ni kama 2,560 kwa saa. Dakika 70 ni shilingi 2,990, au 83 kwa skonzi, mara tano ya umeme. Ukijumlisha donge 192, siagi tamu 200, moto 17 na mikono 83, skonzi ya nyumbani ni shilingi 492.

Sasa tuseme mtu anataka kuoka 360 kwa siku, kilo 10 za unga. Ananunua kwa jumla: unga 1,680 kwa kilo kwenye kiroba, siagi ya boksi 20,000 kwa kilo, mayai kwa trei, asali 10,000 kwa kilo. Donge linashuka hadi 167, siagi tamu hadi 168. Moto, kwa oveni ya gesi inayojaa, ni kama shilingi 8. Kazi yote inakuwa dakika 260, sawa na shilingi 31 kwa skonzi. Jumla 374. Amepunguza shilingi 118, na kinachovutia ni zilikotoka. Mikono imetoa 52. Siagi imetoa 39. Unga wa kiroba, ule ambao kila anayeanza biashara hukimbilia kwanza, umetoa 9, sawa na moto. Mwenye mtaji wa kununua kitu kimoja tu kwa jumla anunue siagi, mradi ana friza ya kuihifadhi.

Katika zile dakika 260, dakika 120 ni kufinyanga matonge. Hapo ndipo pa kuelekeza mashine ya kwanza baada ya ya kukandia. Zipo mashine za mkono za kugawa donge vipande 36 kwa mkandamizo mmoja. Unaweka gramu 1,800, unavuta mpini, unapata matonge ya gramu 50 yaliyo sawa. Usawa huo una thamani ya pesa, maana skonzi ya gramu 55 inayouzwa kwa bei ya 50 inakupokonya asilimia 10 ya donge bila wewe kuona.

Vifaa tuvipe shilingi milioni 4 kwa miaka mitatu. Ukioka 360 kwa siku, siku 25 kwa mwezi, ni skonzi 324,000, na kila moja inabeba shilingi 12 za vifaa. Ukioka 100 kwa siku, kila moja inabeba 44. Boksi la skonzi 12 na kikopo cha siagi tulihesabu shilingi 1,000, na boksi lote liuzwe 8,400, yaani 700 kwa skonzi. Pango, leseni na usafiri sijaviweka, kwa kuwa vinatofautiana mno kati ya mtu na mtu.

Siku njema unaoka 360 na kuuza maboksi 27, yaani skonzi 324, zinabaki 36. Kuoka na vifaa vimekula 138,960, maboksi 27,000. Mauzo ni 226,800. Unabaki na 60,840, na mshahara wako wa dakika 260 uko pembeni tayari. Siku mbaya unauza maboksi 20. Mauzo ni 168,000, gharama ni 158,960, na mkononi zinabaki 9,040. Maboksi saba yameondoka na sehemu sita kati ya saba za faida. Kwenye maboksi 18 uko kwenye hasara.

Skonzi iliyobaki haingoji. Wanga wake unaanza kukakamaa siku ile ile, na friji inauharakisha badala ya kuuchelewesha. Ama iliwe, ama iende kwenye friza ikiwa bado laini. Siagi tamu, kwa upande wake, inakaa kwenye friji wiki mbili bila tatizo, kwa hiyo nusu ile ya gharama iliyo ghali zaidi ndiyo isiyo na haraka. Pokea oda jioni, ipige siagi ya wiki nzima siku moja, na asubuhi ukande unga wa maboksi yaliyokwisha kuombwa, pamoja na mawili au matatu ya wapita njia.